Mji Mmoja, Nyakati Nne: Safari ya California Kuitafuta Hill Valley

Jumatatu, Los Angeles

Back to the Future inastahili bustani yake ya burudani. Ni zile filamu tatu za kijana Marty na rafiki yake mwanasayansi, Doc, aliyeigeuza gari aina ya DeLorean kuwa mashine ya wakati, na hadithi yote inazunguka mji wa kubuni uitwao Hill Valley. Bustani nzima, yenye geti lake na tiketi yake, wala si kona iliyobanwa ndani ya bustani ya hadithi nyingine. Msimamo huu ninao tangu enzi za kanda za video, na wiki hii nimekuja California kuupima, nikipita sehemu kwa sehemu pale filamu zilipopigwa. Dereva ni mpwa wangu anayesoma chuo huku. Filamu zote tatu anazijua kwa moyo, lakini hakubaliani nami.

“Mjomba, filamu tatu, mji mmoja, gari moja. Bustani nzima utaijaza na nini?”

Swali la haki. Tukaanza na hilo gari.

Jumba la makumbusho ya magari la Petersen liko kwenye makutano ya Wilshire na Fairfax, jengo jekundu lililozungushiwa tepe pana za chuma. Humu ndimo inamotunzwa DeLorean iliyopigwa picha za karibu. Kwa filamu zote tatu yalitumika magari saba, moja likiwa la faibaglasi kwa ajili ya matukio ya kuruka angani, lakini hili ndilo ambalo kamera ililisogelea.

Nilikaa nalo muda mrefu. Kwenye dashibodi kuna mistari mitatu ya tarakimu, mmoja juu ya mwingine: juu nyekundu, tarehe unayokwenda, katikati kijani, tarehe uliyopo, chini njano, tarehe uliyotoka. Hadithi yote imo katika mistari hiyo mitatu, na mtoto wa miaka saba anaielewa bila kuelezwa. Nyuma ya viti kuna kisanduku chenye mirija mitatu inayokutana kwa umbo la herufi Y, ndiyo kapasita ya flaksi, kifaa ambacho katika hadithi kinawezesha safari ya wakati. Nje, nyaya nene zimepitishwa ubavuni na kubanwa kwa vibanio. Ron Cobb na Andrew Probert, waliochora mwonekano wake, walitaka lionekane limeundwa na mtu mmoja gerejini kwake kwa vifaa alivyojipatia mwenyewe. Hata Mr. Fusion, kile kitanuri cha nyuklia kinachofungwa nyuma ya gari na kulishwa takataka, kilitengenezwa kutokana na mashine ya kusagia kahawa ya Krups.

DeLorean zenyewe ziliundwa Dunmurry, nje kidogo ya Belfast, Ireland ya Kaskazini. Yalitoka magari takriban 9,000 kuanzia 1981, na kampuni ikafilisika 1982. Filamu ya kwanza ilipotoka, Julai 3, 1985, gari lilikuwa limeshakufa sokoni. Filamu ikalifufua, na hadi leo hakuna anayelikumbuka kwa sababu nyingine.

“Gari moja,” mpwa wangu akanikumbusha tulipotoka nje. “Bado umebaki na gari moja, mjomba.”

Jumanne, Universal City

Hii ndiyo siku niliyoisubiri. Universal Studios Hollywood ina ziara ya studio: unapanda gari refu la wageni lenye mabehewa, linakuzungusha eneo la nyuma ambako filamu na tamthilia zinaendelea kupigwa. Tulipita mitaa kadhaa ya kuigiza, gari likakata kona, na mbele yetu ukatokea uwanja wa mahakama. Nguzo za mbele, ngazi, majani, maduka pembeni. Ni mdogo! Kwenye filamu unaonekana kitovu cha mji mzima. Hapa ukirusha jiwe kutoka upande mmoja linatua upande wa pili.

Timu ya Robert Zemeckis, mwongozaji wa filamu hizi, ilipiga kwanza matukio ya 1955, uwanja ukiwa umepakwa rangi na kupambwa. Kisha wakauchakaza kwa makusudi ili uwe wa 1985: takataka, maduka yaliyokufa, bustani ya mbele ya mahakama ikageuzwa maegesho. Baadaye moto uliushambulia mara mbili, Novemba 1990 na Juni 1, 2008, na mara zote mbili jumba la mahakama lilisalimika.

Gari la wageni halishushi watu pale, na ni sawa kabisa. Hii ni studio ya kazi. Leo uwanja ni mji huu, kesho umepakwa rangi nyingine na umekuwa mji wa tamthilia tofauti. Lakini mahali panapobadilishwa sura kila mara hapawezi kuwa Hill Valley ya kudumu. Hill Valley inahitaji ardhi yake.

Hebu tulifuate jumba lile la mahakama peke yake. Mwaka 1885 bado linajengwa, na saa yake inazinduliwa kwa sherehe na dansi. Novemba 12, 1955, saa 4:04 usiku, radi inaipiga saa ile na kuisimamisha, na umeme wa gigawati 1.21 unashuka kwenye waya hadi kwenye gari linalokuja kwa kasi ya maili 88 kwa saa, karibu kilomita 142. Mwaka 1985 mishale bado imegandia palepale, na mama mmoja anagawa vipeperushi barabarani akiomba mnara uokolewe. Katika ile 1985 iliyoharibika ya filamu ya pili, jumba limegeuka kasino ya Biff Tannen, mbabe wa mji. Mwaka 2015 ni jengo la maduka. Nitajie jengo lingine la sinema lenye wasifu wa namna hiyo.

Bustani nyingi za burudani zimepangwa kwa mahali: huku msitu, kule sayari ya mbali, ng'ambo ile kasri. Hii ingepangwa kwa wakati. Uwanja uleule ujengwe mara nne, kwa ramani ileile, ngazi zikitazama upande uleule. Unaingia mkahawa wa Lou wa 1955 na kuketi kaunta. Unavuka kwenda 1985, miguu inakupeleka yenyewe kwenye kona ile, unakuta pamekuwa ukumbi wa mazoezi ya viungo. Unavuka tena hadi 2015, kona ni ileile, sasa ni Cafe 80's, ambako miaka ya themanini imekuwa mambo ya kale. Kufikia mchana mgeni anaujua mji huu kama mwenyeji, na kila badiliko linamgusa kwa sababu alikuwapo pale kabla halijatokea. Hakuna bustani ninayoijua inayompa mtu jambo hilo.

Universal yenyewe iliwahi kuanza. Mchezo wa kupanda wa Back to the Future ulifunguliwa Florida Mei 2, 1991, ukaja Hollywood 1993 na Osaka 2001. Mlikaa watu wanane ndani ya gari lenye sura ya DeLorean, likinyanyuka na kuyumba mbele ya skrini ya OMNIMAX iliyopinda kuwa kuba. Filamu yake iliongozwa na Douglas Trumbull, gwiji wa madoido ya sinema za anga. Biff ameiba mashine ya wakati, nanyi mnamfukuza hadi enzi za barafu na za dinosaria. Florida na Hollywood waliufunga 2007, Osaka Mei 31, 2016. Katika majengo yaleyale ya Marekani, chini ya makuba yaleyale, 2008 ukafunguliwa mchezo wa The Simpsons.

Niliwahi kusikia watu wakisema kufungwa kule ni ushahidi kwamba hadithi imechuja. Sikubali. Mchezo ule ulikurusha juu ya Hill Valley kwa sekunde chache, ukakuondoa. Haukukuacha ukanyage barabara yake, unywe kinywaji, umwone Goldie, kijana wa mkahawa wa Lou, akifagia. Na mwaka 2025, katika usiku wa Universal Fan Fest Nights, uwanja wenyewe wa studio ulifunguliwa, wageni wakatembea kwa miguu ndani ya Hill Valley ya 1955, wahusika wakiwazunguka. Miaka arobaini baada ya filamu ya kwanza, watu bado wanataka kuingia.

Jumatano, City of Industry na Whittier

Asubuhi tulielekea mashariki hadi Puente Hills Mall. Ilifunguliwa 1974, na maegesho yake ndiyo Twin Pines Mall ya filamu, pale DeLorean inapoonekana kwa mara ya kwanza na mbwa Einstein anakuwa msafiri wa kwanza wa wakati, saa 7:20 usiku wa Oktoba 26, 1985. Siku hizi maduka mengi yamefungwa. Lami ni pana, mistari ya kuegesha imefifia, na jua linapiga bila kizuizi. Mpwa wangu alipaki katikati kabisa ya uwanja, tukashuka, akatembea hatua kadhaa akitafuta pembe ambayo kamera ilikaa.

Hapo nikamkumbusha jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa bustani yote. Marty anapotua 1955 anaangukia kwenye shamba la mzee Peabody, ambaye anaotesha misonobari. Akikimbia risasi, gari linagonga mche mmoja kati ya miwili. Anaporudi 1985, bango la maduka halisomeki tena Twin Pines Mall. Limekuwa Lone Pine Mall. Hakuna mhusika anayelizungumzia, kamera hailikazii. Ukiliona umeliona. Kuna watu wameitazama filamu hii miaka na miaka kabla ya macho yao kutua pale.

Bustani ifanye hivyohivyo. Mgeni afanye jambo dogo 1955, amsaidie kijana fulani kubeba vitabu, au aamue nani ashinde shindano la kula mkahawani, na akivuka kwenda 1985 akute bango limebadilika, jina la duka ni lingine, sanamu imeongezeka. Uwezo upo: bangili za kielektroniki zinazomtambua mgeni zimeshazoeleka kwenye bustani kubwa za Florida na Japani. Wenyewe wanazitumia kulipia chakula na kukusanya pointi. Hapa zingebeba maana ya hadithi yenyewe, kwamba ulichofanya jana kinakusubiri kesho.

“Na ile picha,” akasema mpwa wangu, akiwa bado anakagua pembe yake ya kamera. “Ile ya Marty na ndugu zake wanaofutika, kwa kuwa amevuruga wazazi wao wasipendane 1955.”

“Enhe, iweje?”

“Familia ipigwe picha getini. Kila mkikaa 1955 muda mrefu, mmoja wenu anafifia. Kaka kwanza, kichwa kinaanza kupotea.”

“Watoto watalia.”

“Si watarudi! Wazazi wakacheze dansi ukumbini. Wakimaliza wimbo, watoto wanarudi kwenye picha.”

Sikumwambia kitu, lakini nilijua kuanzia hapo kwamba amevuka upande wangu.

Mchana tulipita Whittier kuiona shule ya sekondari iliyokuwa Hill Valley High. Ni shule ya kweli, na Richard Nixon alisoma hapo. Tuliiangalia kutoka barabarani tukaondoka. Wanafunzi wana masomo yao.

Alhamisi, Pasadena, Burbank, Hollywood

Gamble House ilijengwa 1908 na ndugu wawili wasanifu, Charles na Henry Greene, kwa ajili ya David na Mary Gamble wa ukoo wa Procter & Gamble. Katika filamu ndiyo jumba la Doc la 1955, kwa nje. Ndani ya jumba lile palipigwa kwenye nyumba nyingine ya ndugu haohao, hapahapa Pasadena, nayo ni makazi ya watu, kwa hiyo hatukuisogelea.

Mlango wa mbele wa Gamble House unastahili safari peke yake. Ni vioo vya rangi vilivyopangwa kuwa mwaloni mmoja mkubwa, matawi yakienea kwenye milango yote mitatu. Ukiwa ndani, jua la nje linaupitia mti ule na ukumbi wa mbao unageuka rangi ya asali. Mbao zenyewe zimelainishwa kiasi kwamba kona zote ni duara. Hakuna ncha popote. Nilielewa kwa nini wachagua mandhari waliiteua kwa mtu ambaye familia yake ilikuwa na fedha na yeye akaziteketeza zote kwa ndoto moja. Hadithi inasema jumba liliungua, ardhi ikauzwa, na kufikia 1985 Doc amebaki na gereji tu. Gereji ile ilikuwa seti iliyosimamishwa Burbank, kando ya Burger King. Tulipita pale pia, dakika chache.

Ndani ya bustani, jumba na gereji vingekaa kwenye kiwanja kimoja, kila kimoja katika mwaka wake. Na ndani ya jumba kiwepo kile chumba ambacho Doc ameujenga uwanja wa mahakama mezani, kwa maboksi na vikorokoro, na kigari kidogo kinachopita chini ya waya na kushika moto. Kwa maana Doc alitutangulia: yeye ndiye wa kwanza kuijenga Hill Valley ndogo ili mtu aelewe wakati unavyofanya kazi.

Jioni tukafika Hollywood, kanisa la United Methodist lililo kwenye kona ya Franklin na Highland. Ukumbi wake wa michezo ndio uliopigwa dansi ya shule, ile ya “Enchantment Under the Sea”. Tulisimama nje, na hapo mpwa wangu akauliza swali zito kuliko yote ya wiki.

“Mjomba, sisi 1955 tungeingia mkahawa wa Lou?”

Nilikuwa nalo moyoni tangu Jumanne. Dansi ile ni ya Novemba 12, 1955. Siku 19 baadaye, Desemba 1, Rosa Parks alikamatwa Montgomery kwa kukataa kumpisha mtu kiti kwenye basi. Agosti ya mwaka huohuo Emmett Till, mtoto wa miaka 14, aliuawa Mississippi. Hill Valley iko California, si Kusini ya Marekani, lakini ni nchi ileile na mwaka uleule. Bustani itakayouza 1955 yenye rangi za peremende, vijana wakicheka, kila mtu mwema, itakuwa inasema uongo kwa wageni wanaofanana nasi.

Na filamu yenyewe imetuachia mlango. Goldie Wilson, aliyechezwa na Donald Fullilove, ni kijana mweusi anayefagia mkahawa wa Lou. Marty anaropoka kwamba atakuwa meya, Goldie analishika neno lile papo hapo, na mwenye mkahawa anamdhihaki kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1985 ndiye meya, na gari lake la kampeni linapita mtaani na vipaza sauti. Mwaka 2015 mjukuu wake anafanya biashara ya kuyageuza magari yawe ya kuruka. Hapo kuna kizazi kizima kinachopita katikati ya hadithi, na wengi wanaichukulia kama kichekesho cha pembeni. Mimi ningekifanya kuwa mhimili. Mgeni amkute Goldie akifagia, amsikie akinyamazishwa, amsikilize akijibu. Kisha ahudhurie mkutano wake wa kampeni kwenye ngazi za mahakama 1985, apewe fulana na kipeperushi, na aulizwe kura yake. Bendi ya Marvin Berry pia, wanamuziki weusi waliokodiwa kuwachezesha wanafunzi wale, ipewe jukwaa lake, na waeleze walipoingilia na walipoegesha gari lao. Ukweli huo hauiharibii bustani furaha. Unaipa uzito unaofanya furaha iaminike.

Wale magaidi wa Libya wanaompiga Doc risasi katika filamu ya kwanza wabaki humohumo kwenye filamu. Mchezo wa muziki wa jukwaani uliotokana na filamu uliwaondoa, Doc akawa anaathiriwa na mionzi, na hadithi haikupungukiwa.

Ijumaa, barabarani

Zaidi ya kilomita 500 kwenda kaskazini, Bakersfield, Fresno, Merced, mashamba ya lozi pande zote mbili. Joto. Tulifika Jamestown jua likizama, tukalala.

Jumamosi, Jamestown

Mji huu uko chini ya milima ya Sierra Nevada, katika nchi ya wachimba dhahabu wa zamani. Railtown 1897 ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo, karakana ya reli yenye gereji yake ya duara na meza ya kugeuzia injini. Humu ndimo inamokaa Sierra No. 3, injini ya mvuke iliyoundwa 1891 na kiwanda cha Rogers, Paterson, New Jersey. Katika filamu ya tatu ilibandikwa namba 131 na ndiyo iliyoisukuma DeLorean hadi maili 88 kwa saa. Ilikaa miaka mingi bila kufanya kazi, ikakarabatiwa na kurudi kwenye mvuke 2010.

Ukisimama karibu na magurudumu yake unaona mambo ambayo skrini haionyeshi. Vyuma vya kuunganisha magurudumu vimesuguliwa hadi vinang'aa, lakini kila kiungo kina utando mzito wa mafuta meusi, na fundi mmoja alikuwa anapita na kopo lenye mdomo mrefu, akidondosha tone hapa, tone pale, akifuta kwa kitambaa, akigusa kwa vidole kama anampima mtoto homa. Hakuwa anaigiza. Treni ya wageni ilikuwa inaandaliwa, na tulipanda. Mabehewa yalipotikisika na filimbi ikalia mpwa wangu alinishika mkono, kisha akacheka kwa aibu.

Hapo jibu la usafiri ndani ya bustani lilijileta lenyewe. Reli ndiyo iunganishe nyakati nne. Unapanda stesheni ya 1885, unaingia handaki, unatokea 1955. Na lile bonde la filamu ya tatu, lenye daraja la reli, likae katikati ya njia: mgeni atakayekuwa makini ataona kwamba baada ya Marty kupita 1885 jina la bonde kwenye ubao ni Eastwood, jina alilojipa Marty huko, wakati kabla yake watu wa 1985 walilijua kwa jina la Clayton, mwalimu aliyetumbukia humo.

Seti ya Hill Valley ya 1885 ilijengwa si mbali na hapa, nyumba za mbao, saluni, mahakama iliyozungushiwa jukwaa la ujenzi. Baada ya filamu iliachwa isimame. Mwaka 1996 radi ilipiga, moto ukashika nyasi kavu, mji ukateketea. Niliwahi kuisoma habari hiyo, lakini kuviangalia vilima vile vya kahawia huku nikijua ni kitu kingine. Mji wa mwaka 1885 ulikuwepo, mtu aliweza kuupita mlango mmoja hadi mwingine, na haupo. Uwanja wa Universal umeungua mara mbili. Mchezo wa kupanda umevunjwa. Maduka ya Twin Pines yanakwisha. Kila kipande cha Hill Valley kiko mikononi mwa mtu tofauti, na kila kimoja kinaweza kuondoka bila taarifa.

Jumapili, kurudi kusini

“Mjomba, tuseme wamekubali,” mpwa wangu akaanza kabla hatujafika Merced. “Filamu mpya hakuna. Watu watakuja miaka mingapi?”

Kweli, Zemeckis na Bob Gale, walioiandika pamoja, wamesema mara kwa mara kwamba hakutakuwa na filamu ya nne wala ya kurudia wakiwa hai. Mimi nalihesabu hilo kuwa nguvu. Bustani nyingine zinalazimika kubomoa na kujenga kila filamu mpya inapotoka, na filamu ikiboronga sehemu nzima inazeeka. Hadithi hii imekamilika. Hakuna atakayekuja kuibadilisha Hill Valley mwaka kesho, kwa hiyo mjenzi anaweza kujenga kwa mawe.

Na watu wanakuja hata bila filamu. Mwaka 2014 kundi la Secret Cinema liliijenga Hill Valley mashariki ya London, maduka, shule na uwanja, watazamaji wakaja wamevaa mavazi ya 1955 kutoka kichwani hadi miguuni. Mchezo wa muziki ulianza Manchester 2020, ukahamia ukumbi wa Adelphi, London, 2021, ukashinda tuzo ya Olivier ya mchezo mpya bora wa muziki 2022, ukafika New York 2023. Humo DeLorean inanyanyuka juu ya vichwa vya watazamaji. Kote huko mtu amelipa ili awe Hill Valley kwa saa tatu, kisha taa zikawashwa akaambiwa arudi nyumbani.

Kisha usiku. Bustani nyingi hufunga siku kwa fataki. Hii ingefunga kwa saa. Kuanzia saa 3:30 usiku upepo unaanza kuvuma uwanja wa 1955, vipeperushi vya mnara vinapeperuka, Doc yuko juu kwenye ukingo wa jumba ananing'inia, waya umekatika. Maelfu ya watu wanatazama mishale. Saa 4:04 kamili radi inashuka, gari linapita katikati yao, na nyuma yake zinabaki njia mbili za moto barabarani. Kila usiku, dakika ileile. Wafanyakazi wa bustani wangeweza kurekebisha saa zao kwa tukio hilo.

“Na ile 1985 ya Biff?” akauliza. “Umejenga nne: 1885, 1955, 1985, 2015. Kasino umeiacha.”

“Tujenge wa tano?”

“Hapana.” Alikuwa ameshalifikiria. “Angalia tarehe. Oktoba 21 ni siku ya 2015. Oktoba 26 ndiyo siku Marty anapoondoka. Novemba 5 anatua 1955. Novemba 12, radi. Zote ziko ndani ya wiki tatu na ushee. Basi kila mwaka, Oktoba 26 jioni, 1985 inageuzwa. Unalala mji wa kawaida, asubuhi umekuta kasino, pikipiki, moshi, picha za Biff kila ukuta. Wageni wana hadi Novemba 12 kuipata ile almanaka ya michezo huko 1955, kitabu cha matokeo kilichomtajirisha Biff, na kuichoma.”

“Tufiche nakala ngapi?”

“Moja, mjomba. Bustani nzima, moja tu.”